Ektomofi

Ektomofi ni jina la mtu mwenye umbo jembamba kwa asili: mifupa myembamba, mabega finyu, mikono na miguu mirefu ikilinganishwa na kiwiliwili, misuli midogo na mafuta machache chini ya ngozi. Jina hilo ni moja kati ya matatu ya mfumo wa kuainisha maumbo ya miili ulioanzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani William Herbert Sheldon (1898–1977). Mengine mawili ni mesomofi, yaani mtu mwenye mifupa mipana na misuli mikubwa, na endomofi, yaani mtu wa mwili wa mviringo unaohifadhi mafuta kwa urahisi.

Katika michezo na katika kumbi za mazoezi neno hilo hutumiwa mara nyingi kama hukumu: kwamba mtu mwembamba hawezi kuwa na nguvu, au kwamba hawezi kujenga mwili bila dawa. Utafiti hauungi mkono mawazo hayo. Aina ya mwili inaeleza jinsi mwili ulivyo siku ulipopimwa, nayo hubadilika kwa kiasi fulani kufuatana na chakula, mazoezi, umri na maradhi.

Asili ya jina

Majina hayo matatu yametokana na maneno ya Kigiriki: ektos (nje), mesos (katikati), endon (ndani) na morphe (umbo). Sheldon aliyachukua kutoka elimu ya ukuaji wa kiinitete. Katika wiki za kwanza za mimba kiinitete huwa na tabaka tatu za seli. Tabaka la nje huzaa ngozi na mfumo wa neva, tabaka la kati huzaa misuli, mifupa na damu, na tabaka la ndani huzaa utando wa ndani wa utumbo na viungo vya kumeng'enyea chakula. Sheldon alidhani kwamba kwa kila mtu tabaka moja lilipata nguvu kuliko mengine. Dhana hiyo haikuthibitishwa, lakini majina yamebaki.

Historia

Kabla ya Sheldon, daktari wa Ujerumani Ernst Kretschmer alikuwa amechapisha mwaka 1921 kitabu kilichogawa watu katika wembamba, wenye mwili wa kimichezo na wanene, akiyahusisha maumbo hayo na magonjwa ya akili.

Sheldon alieneza mfumo wake kwa kitabu cha mwaka 1940, akitumia picha za wanafunzi wa kiume wapatao 4,000 wa vyuo vya Marekani, waliopigwa wakiwa uchi kwa mbele, ubavuni na nyuma. Hakuwagawa watu katika makundi matatu tu. Kila mtu alipewa tarakimu tatu, kila moja kuanzia 1 hadi 7, kwa utaratibu wa endomofi, mesomofi na ektomofi. Hivyo mtu wa 1-1-7 alikuwa mwembamba kupita kiasi, na mtu wa 4-4-4 alikuwa wa wastani kwa yote. Watu wengi huwa mchanganyiko. Jambo hilo husahauliwa mara kwa mara katika vitabu vya mazoezi vinavyosema kwamba kila mtu ni wa kundi moja.

Mwaka 1942 Sheldon alikwenda mbali zaidi akadai kwamba umbo la mwili huonyesha tabia: mtu mwembamba ni mpole, mwenye fikra nyingi na anayependa upweke, mwenye misuli ni jasiri, mnene ni mcheshi na mpenda starehe. Baadaye alijaribu kuhusisha umbo na uhalifu wa vijana. Madai hayo yamekataliwa na wanasayansi, kwa kuwa mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyepima mwili na pia tabia, akijua tayari anachokitafuta. Picha zake nazo zililaaniwa baadaye, kwa sababu wanafunzi wengi hawakuelezwa zingetumika kwa nini.

Kosa lingine lilikuwa kushikilia kwamba aina ya mwili haibadiliki maisha yote. Mnamo 1944–1945 Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapa wanaume 36 waliojitolea chakula pungufu kwa wiki 24, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Mwaka 1947 Gabriel Lasker aliwapima watu wa jaribio hilo kwa mfumo wa Sheldon. Alikuta kwamba watu walewale walikuwa wamesogea kwa kiasi kikubwa upande wa ektomofi. Njaa ilikuwa imebadilisha kitu kilichosemwa kuwa hakibadiliki.

Kipimo cha Heath na Carter

Barbara Honeyman Heath, aliyewahi kufanya kazi na Sheldon, aliachana na mawazo yake. Mwaka 1967 yeye na Lindsay Carter walitoa njia mpya ambayo hutumiwa na wanasayansi wa michezo hadi leo. Njia hiyo haikadirii kwa macho. Inatumia vipimo kumi: urefu, uzito, mikunjo minne ya ngozi, upana wa mifupa kwenye kiwiko na kwenye goti, na mzingo wa mkono na wa shavu la mguu. Pia haisemi lolote juu ya tabia ya mtu.

Tarakimu ya ektomofi hupatikana kwa urefu na uzito tu. Urefu kwa sentimita hugawanywa kwa kipeuo cha tatu cha uzito kwa kilogramu. Jibu likiwa 40.75 au zaidi, huzidishwa kwa 0.732, kisha hutolewa 28.58.

Kwa mfano, kijana mwenye urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilogramu 58:

- Kipeuo cha tatu cha 58 ni takriban 3.87.
- 178 ikigawanywa kwa 3.87 ni takriban 46.
- 46 mara 0.732, ukitoa 28.58, ni takriban 5.1.

Kijana huyohuyo akifikisha kilogramu 68 bila kuongezeka urefu, tarakimu yake inashuka hadi takriban 3.3. Mifupa yake haikubadilika, wala wazazi wake, lakini aina ya mwili wake kwa kipimo hiki imebadilika. Kwa hiyo kauli "mimi ni ektomofi, siongezeki" inazunguka mahali pamoja: mtu huitwa ektomofi kwa sababu uzito wake ni mdogo kwa urefu wake, kisha jina hilo linatolewa kama sababu ya uzito mdogo.

Sababu za wembamba wa asili

Urithi una sehemu kubwa. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Sadaf Farooqi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchunguzi wa jeni za watu wembamba wenye afya zaidi ya 1,600 nchini Uingereza. Walionyesha kwamba wembamba hurithiwa kama unene unavyorithiwa, na kwamba baadhi ya jeni zinazohusika ni zilezile.

Tabianchi imechangia pia katika maumbo ya jamii mbalimbali. Kanuni inayoitwa ya Allen, ya mwaka 1877, inasema kwamba wanyama wa nchi za joto huelekea kuwa na viungo virefu zaidi kuliko jamaa zao wa nchi za baridi, kwa kuwa mwili mrefu na mwembamba hupoteza joto kwa wepesi. Mfano unaotajwa mara nyingi kwa binadamu ni jamii za Waniloti, kama Wadinka wa Sudan Kusini na Waturkana wa Kenya.

Tofauti nyingine iko katika matumizi ya nishati. Mwaka 1999 James Levine na wenzake walitoa taarifa ya watu 16 waliolishwa kilokalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Mafuta yaliyoongezeka mwilini yalitofautiana sana: aliyeongeza kidogo alipata kilogramu 0.36, na aliyeongeza sana alipata 4.23. Wale walioongezeka kidogo walikuwa wameanza, bila kukusudia, kujongeajongea zaidi: kusimama, kutembea, kubadilisha mkao. Hivyo mtu mwembamba anayesema "nakula sana lakini sinenepi" huenda anasema kweli, kwa kuwa mwili wake unachoma sehemu ya ziada hiyo. Lakini wapo pia wanaokula sana siku moja na kidogo siku inayofuata, na wastani wao wa wiki ni mdogo kuliko wanavyodhani.

Wembamba na nguvu

Nguvu haitokani na ukubwa wa misuli pekee. Katika wiki za kwanza za mazoezi nguvu huongezeka haraka kuliko misuli, kwa sababu mfumo wa neva hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja. Ndiyo maana anayeanza anaweza kuinua mzigo mzito zaidi baada ya mwezi mmoja ilhali kioo hakionyeshi tofauti. Baadaye ongezeko hutegemea zaidi unene wa nyuzi zenyewe.

Miili haiitiki mazoezi kwa kipimo kimoja. Katika utafiti wa Monica Hubal na wenzake wa mwaka 2005, vijana 585 walizoeza mkono mmoja kwa wiki 12 kwa utaratibu uleule. Ukubwa wa misuli haukuongezeka kabisa kwa baadhi yao, na kwa wengine uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Nguvu iliongezeka kuanzia asilimia 0 hadi asilimia 250. Wengi walikuwa katikati.

Viungo virefu vina faida na hasara. Kazi katika fizikia ni kani mara umbali, kwa hiyo mwenye mikono mirefu akisukuma chuma kutoka kifuani hukipeleka umbali mkubwa zaidi kuliko mwenye mikono mifupi. Lakini katika kuinua chuma kutoka sakafuni mikono mirefu husaidia, kwa kuwa mwinuaji hahitaji kuinama sana. Mmarekani Lamar Gant, aliyekuwa na mikono mirefu na uti wa mgongo uliopinda, aliinua kwa mtindo huo mwaka 1985 karibu kilogramu 300 akiwa na uzito wa kilogramu 60 hivi. Alikuwa mtu wa kwanza kuinua hivyo uzito mara tano ya wake.

Mazoezi

Hakuna mazoezi ya pekee kwa ektomofi. Kanuni ni zile za watu wote, na kuu kati yake ni kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Croton, mpiga mieleka wa karne ya 6 KK, ambaye inasemekana alibeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Katika miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme aliiingiza kanuni hiyo katika tiba, akiwatibu askari walioumia kwa mizigo inayoongezwa kidogo kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 angalau siku 3. Kwa anayeanza, ushauri wa kawaida ni huu:

- Siku 2 au 3 kwa wiki zisizofuatana, kwa sababu misuli hujengwa wakati wa mapumziko.
- Mazoezi yanayotumia viungo vingi kwa pamoja: kuchuchumaa na kusimama, pushapu au kusukuma chuma, kuvuta mwili juu kwa mikono, na kuinua mzigo kutoka chini.
- Marudio 8 hadi 12 kwa mkupuo, mikupuo 2 hadi 4, na mapumziko ya dakika 2 au 3 kati yake.
- Mzigo uwe wa kiasi ambacho marudio ya mwisho ni magumu lakini umbo la zoezi halivunjiki.
- Marudio yakizidi lengo kwa moja au mawili katika siku mbili mfululizo, mzigo uongezwe kwa asilimia 2 hadi 10.

Vifaa vya gharama si lazima. Misuli hukua pia kwa mizigo myepesi, mradi mkupuo uendelee mpaka karibu na kuchoka kabisa. Katika mitaa mingi ya Afrika Mashariki vijana hutumia makopo yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba la chuma. Vifaa hivyo vinafaa ikiwa pande zote mbili zina uzito sawa na zege halina nyufa. Anayelala chini ya chuma kizito awe na mwenzake wa kumsaidia.

Mbio na mpira si adui wa misuli. Hata hivyo mtu mwembamba anayekimbia umbali mrefu kila siku anapaswa kula zaidi ili kufidia nishati hiyo.

Wasichana na wanawake wembamba hufuata kanuni zilezile. Kwa kuwa wana homoni ya testosteroni kidogo kuliko wanaume, misuli yao haivimbi kwa kiasi kikubwa, lakini kwa asilimia ongezeko lao la nguvu hukaribia lile la wanaume. Umri nao si kizuizi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walionyesha kwamba wazee dhaifu wa makao ya kutunzia wazee, wenye wastani wa miaka 90, waliongeza nguvu ya miguu kwa wastani wa asilimia 174 katika wiki 8.

Chakula

Uzito hauongezeki bila nishati ya ziada. Kwa kawaida hupendekezwa kilokalori 300 hadi 500 juu ya mahitaji ya siku. Gramu 50 za karanga zina takriban kilokalori 280, na glasi ya maziwa yasiyoondolewa mafuta ina takriban 150. Kwa anayeshiba upesi, ni rahisi zaidi kuongeza mlo mmoja mdogo, au kutia karanga zilizosagwa na maziwa katika uji, kuliko kurundika sahani moja.

Protini ndiyo malighafi ya misuli. Shirika la Afya Duniani linakadiria mahitaji ya mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilogramu ya mwili kwa siku. Kwa anayefanya mazoezi ya nguvu, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida huongezeka mpaka kufikia takriban gramu 1.6 kwa kilogramu. Kwa kijana wa kilogramu 58 hiyo ni karibu gramu 93. Kiasi hicho kinaweza kupatikana kwa vyakula vya kawaida:

- Mayai 3: gramu 18
- Maziwa nusu lita: gramu 16
- Maharage makavu gramu 100, yakipikwa: gramu 22
- Karanga gramu 50: gramu 13
- Ugali wa unga wa mahindi gramu 300: gramu 24

Asiyekula mayai anaweza kutumia dagaa, samaki, nyama, kunde, choroko au soya.

Kasi inayofaa ni ndogo. Ongezeko la robo hadi nusu asilimia ya uzito kwa wiki, yaani gramu 150 hadi 300 kwa mtu wa kilogramu 58, huacha nafasi ya misuli kukua bila mafuta mengi. Kwa kasi hiyo kilogramu 10 huchukua miezi 8 hadi 16. Matangazo yanayoahidi matokeo hayo kwa wiki chache hayalingani na jinsi mwili unavyofanya kazi.

Dawa na virutubisho

Kudharauliwa kwa watu wembamba kumekuwa biashara kwa muda mrefu. Katika karne ya 20 Charles Atlas, aliyezaliwa Italia mwaka 1892 kwa jina Angelo Siciliano, alijulikana Marekani kwa kuuza masomo ya mazoezi kwa njia ya posta. Matangazo yake yalijisifu kwamba naye alikuwa dhaifu wa ratili 97, yaani kilogramu 44. Yeye aliuza mazoezi. Leo yanauzwa pia mambo ya hatari.

Katika nchi mbalimbali za Afrika baadhi ya watu hutumia deksamethasoni au siproheptadini ili wanenepe, mara nyingi bila kuandikiwa na daktari. Deksamethasoni ni dawa ya kutuliza uvimbe na mzio. Hujaza maji na mafuta usoni na tumboni huku ikidhoofisha misuli na mifupa, na huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Ikitumiwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake, na kuiacha ghafla kunaweza kuua. Anayeitumia tayari asiikatize mwenyewe bali amwone daktari. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula lakini huleta usingizi, na hiyo ni hatari kwa dereva.

Steroidi za kujenga misuli huongeza misuli kweli, lakini huzuia mwili wa mwanamume kutengeneza testosteroni yake, hupunguza mbegu za uzazi, huharibu uwiano wa kolesteroli na kudhuru moyo. Kwa kijana ambaye hajamaliza kukua zinaweza kufunga mifupa mapema akabaki mfupi.

Kirutubisho kilichochunguzwa zaidi na kuonekana salama kwa watu wazima wenye afya ni kreatini, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Sehemu ya uzito unaoongezeka mwanzoni ni maji. Unga wa protini ni chakula tu, nao hauna lolote ambalo maziwa na mayai hayana.

Wembamba na afya

Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu mzima kuwa na uzito pungufu ikiwa uzito wake kwa kilogramu, ukigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita, hautimizi 18.5. Kijana wa mfano uliotajwa juu ana 18.3 akiwa na kilogramu 58, na 21.5 akiwa na kilogramu 68. Namba hiyo pekee haithibitishi ugonjwa. Uzito pungufu wa muda mrefu, hata hivyo, huhusiana na mifupa dhaifu, na kwa wanawake na hedhi kukatika au matatizo ya mimba.

Katika Afrika Mashariki wembamba ulipata maana nzito zaidi. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la The Lancet juu ya ugonjwa ambao wananchi waliuita "Slim" kwa sababu uliwakondesha wagonjwa. Ulikuwa UKIMWI. Tangu wakati huo watu wengi wembamba wenye afya wameshukiwa na kusengenywa bure. Unene au wembamba wa mtu hauonyeshi kama ana virusi. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha.

Tofauti muhimu ni kati ya kuwa mwembamba na kukonda. Aliye mwembamba tangu utotoni, mwenye nguvu zake na hamu ya chakula, kwa kawaida hana ugonjwa. Lakini aliyepoteza asilimia 5 au zaidi ya uzito wake katika miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anapaswa kupimwa, hasa akiwa na kikohozi, homa, jasho la usiku, kiu nyingi, kuhara au mapigo ya moyo ya haraka. Sababu zinaweza kuwa kifua kikuu, VVU, kisukari, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, minyoo, saratani au sonona. Vilevile anayejinyima chakula kwa hofu ya kunenepa anahitaji msaada wa daktari. Kwa watu hao mazoezi na karanga si tiba, na kusema "ni ektomofi tu" kunaweza kuchelewesha matibabu.